Hoja Fupi Sina



Jana kijana mmoja ameniandikia: "Shekhe, tupe hoja fupi ya kuwamaliza Wakristo kwenye tafsiri za Biblia." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Hoja fupi hiyo niliwahi kuwa nayo.

Nilikuwa kijana, tuko kwenye muhadhara uwanjani. Mkono wa kulia nimeshika Biblia ya Muungano, ile ya 1952, wa kushoto Habari Njema. Nikasoma aya moja humu na humu, maneno mbalimbali. Nikauliza, "Ipi ya Mungu?" Takbiri zikarindima. Pembeni alisimama mwalimu wangu wa sekondari, Mlutheri, mzee mpole. Nilimwona, na wallahi nilimlenga yeye.

Hakusema kitu pale. Kesho yake tukakutana njiani. "Kijana wangu, Qurani ya Kiswahili unayo ya Sheikh Farsy au ya Sheikh Barwani?" Nikasema ninazo zote mbili. "Maneno yake ni yale yale?" Nikajitetea upesi: hizo ni tafsiri tu, Qurani yenyewe ni ya Kiarabu. Akasema, "Wengi wetu nasi twasema hivyo. Asili ni Kiebrania na Kigiriki. Sasa jana uliuliza nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kupanda jukwaani.

Nikakuta Wakristo hawasemi kauli moja. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, waliitangaza Vulgata, tafsiri ya Kilatini, kuwa ndiyo ya kutegemewa katika mafundisho na mijadala. Waprotestanti walioandika Ungamo la Westminster miaka 100 baadaye wakasema kilicholindwa na Mungu ni maandiko ya Kiebrania na Kigiriki, na mabishano yakaamuliwe huko. Tafsiri ni ili watu wa kawaida wasome kwa lugha yao. Kisha lipo kundi, zaidi katika makanisa kadhaa ya Kibaptisti huko Marekani, linaloshikilia kwamba kwa Kiingereza neno la Mungu lililohifadhiwa ni King James ya 1611 peke yake. Mhubiri wao mmoja, Peter Ruckman, alifika hata kufundisha kuwa Kiingereza hicho kinakisahihisha Kigiriki! Na wafasiri wenyewe wa 1611 hawakudai hayo. Dibaji yao inakubali kuwa hata tafsiri duni ni neno la Mungu, na pembeni mwa kurasa waliandika maana nyingine pale walipokuwa na shaka.

Kwa hiyo ukimwambia Mlutheri wa mtaani kwako "Biblia zenu zinatofautiana", unamjibu mtu wa Marekani ambaye hayupo hapo.

Mahali pa kuuliza papo, ila si pale nilipopiga mimi. Tazama 1 Yohana 5:7, maneno ya mashahidi watatu mbinguni: Baba, Neno na Roho. Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyatia. Akayatia katika chapa ya 1522, na baadaye yakaingia King James. Leo wanazuoni wa Kikristo walio wengi wanakiri hayakuwamo katika nakala za kale za Kigiriki. Hapo si habari ya mfasiri, ni habari ya kile kilichofasiriwa. Itikadi yetu kuwa mikono ya watu iliviingilia vitabu vya kabla yetu haijabadilika kwangu hata kidogo. Lakini Suratun-Nahl aya ya 125 imetuamrisha namna ya kujadiliana, na kumchekesha umati juu ya mwalimu wako si namna hiyo.

Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Kuhusu 1 Yohana alikubali kabla sijamaliza. Alikuwa akiijua miaka mingi. Tukabishana mengine hadi adhana ya magharibi ikatukuta barazani. Akaniambia, "Nenda, watu wako wanakungoja."

Wallahu aalam.