Hadithi za Kisayansi: Upuuzi au Mafunzo?

Katika majumba yetu husemwa maneno mengi juu ya vitabu na filamu zinazosimulia safari za nyota, viumbe wa sayari nyingine na mambo ya zama zijazo. Wazee husema huo ni upuuzi mtupu wa kupoteza wakati. Nao vijana huzitazama usiku kucha katika simu zao, wala hapana awaulizaye waliloliona. Sisi tumezipenda hadithi hizi tangu ujana wetu, na hata leo hatujaziacha. Kwa hivyo twaomba tutoe rai yetu. Twaona si haki kuzitupa zote, wala si busara kuzimeza zote. Hadithi njema ya namna hii ina alama moja: humchukua msomaji mbali sana, kisha huko mbali humwonyesha uso wake mwenyewe.

Tuanze na Frankenstein, kitabu kilichotungwa na Mary Shelley, mwanamke wa Kiingereza aliyeanza kukiandika akiwa na umri wa miaka 18, kikachapishwa London mwaka 1818. Wengi walijuao jina hilo hudhani ni jina la zimwi. Sivyo; ni jina la kijana mwenye elimu ya sayansi aliyeunganisha viungo vya maiti akavitia uhai. Msomaji Mwislamu aweza kushtuka hapa, kwani kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini na aendelee kusoma, ataona jinsi kitabu chenyewe kinavyomhukumu mtu yule. Kiumbe alipofumbua macho tu, aliyemwunda alikimbia. Akabaki bila jina wala mlezi. Akajifunza kusema kwa kuwachungulia watu wa nyumba moja kupitia ufa wa ukuta. Akatafuta urafiki, akapigwa. Ndipo akageuka muuaji. Akutanapo tena na yule aliyemwunda humlaumu kwa maneno fasaha, na sisi hatuwezi kuisoma lawama hiyo bila ya kuwafikiri wazazi wanaozaa kisha wakawaacha watoto walelewe na barabara.

Sasa itazameni filamu ya mwaka 1931, ambayo Boris Karloff alicheza kama kiumbe huyo. Hasemi neno, hunguruma tu. Tena imeongezwa habari kuwa ubongo aliotiwa ulikuwa wa mhalifu. Basi uovu umehamishwa: hautoki tena katika kuachwa, watoka katika ubongo mbovu. Mtazamaji hurudi nyumbani ameliogopa zimwi, wala nafsi yake hakuiuliza kitu. Karloff alikuwa hodari, lakini mafunzo yalidondoka njiani.

Mfano wa hayo ni kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1898, The War of the Worlds, ambamo watu wa Mirihi waishukia Uingereza kwa mashine za miguu mitatu na miali ya kuunguza. Mwanzoni kabisa Wells huwaonya wasomaji wasifanye haraka kuwalaani wageni hao, bali wakumbuke kwanza jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Naye alikuwa Mwingereza akiwaandikia Waingereza, wakati dola yao iko kileleni. Sisi wa pwani hii twalifahamu neno hilo upesi, kwani mwaka 1896, miaka miwili tu kabla ya kitabu hicho, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Unguja, na vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Filamu ya mwaka 1953 iliihamishia hadithi California, na ile ya Steven Spielberg ya mwaka 2005 ikaianzia New Jersey. Moto na magofu yamo tele. Swali la Tasmania halimo.

Lakini hatusemi kuwa kila filamu huharibu. Mwaka 2024, ilipotoka sehemu ya pili ya Dune iliyoongozwa na Denis Villeneuve, binti wa ndugu yetu alitoka kuitazama akatujia na wasiwasi.

“Ami,” akasema, “mle wamtaja Mahdi, na watu wamfuata hadi kufa. Yule kijana ni mwema au mwovu? Au sisi ndio tunaochekwa?”

Tukamjibu, “Mwanangu, swali hilo ndilo mwandishi alilotaka uulize.”

Frank Herbert, Mmarekani, alikitoa kitabu hicho mwaka 1965, akachota ndani yake maneno mengi ya Kiarabu na ya dini yetu, wala si yote aliyoyatumia kwa adabu. Watu wa jangwani wamngojea mwokozi. Lakini bishara hizo zilipandwa kwao zamani na wageni, kwa maslahi ya wageni. Kijana Paul alijua hayo, na juu ya hivyo akazipanda kama ngazi. Basi anayeshtakiwa si mwenye imani. Ni yule aigeuzaye imani ya wenziwe kuwa kiti chake cha enzi. Herbert alilikaza onyo hilo katika kitabu cha pili, mwaka 1969. Filamu ya David Lynch ya mwaka 1984 ililipindua, kwani mwishoni kijana aleta mvua jangwani, na hila ikawa muujiza wa kweli. Villeneuve alilirudisha: Chani, mwanamke wa jangwani ampendaye kijana, akataa kumwinamia akaenda zake peke yake. Hayo hayamo kitabuni, na kwa insafu twasema kuwa hapo filamu imekizidi kitabu.

Wako pia wadhanio kuwa fani hii ni ya Wazungu tu. Mwaka 1905 Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengal, alichapisha katika gazeti la Madras hadithi iitwayo Sultana's Dream. Humo wanawake wapikia joto la jua, wateka maji kutoka hewani, na wasafiri kwa chombo kirukacho, ilhali wanaume wamefungiwa ndani. Mwanamume aisomaye hucheka, lakini kicheko hakidumu, kwani ajua ni nani hasa waliokuwa wakifungiwa. Bibi huyo hakuishia katika ndoto. Mwaka 1911 alifungua Calcutta skuli ya wasichana wa Kiislamu.

Basi enyi wazazi, msiwazuilie vijana hadithi hizi, wala msiwaachie peke yao. Someni nao kitabu kimoja, na filamu ikiisha waulizeni: uovu umewekwa wapi, kwa mgeni wa mbali au kwetu sisi? Leo wamo mikononi mwao mashine zijibuzo maswali kwa lugha ya binadamu, na kesho baadhi yao wataziunda wenyewe. Ni bora wajue mapema kuwa mwenye kuunda kitu hana ruhusa ya kukikimbia. Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.