Pumzi Kabla ya Kipimo

Utabibu katika mwambao wa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati karibu na mlango wa Mto Ruvuma, umenijengea msimamo mmoja: mtu asiambiwe ana presha ya kupanda kabla pumzi yake haijatulia. Anapovuta pumzi, kifua hupanuka na mkandamizo ndani yake hupungua. Damu zaidi hurudi upande wa kulia wa moyo, mapafu huishikilia kidogo, na upande wa kushoto husukuma damu pungufu kwa muda mfupi. Presha hushuka, kisha hupanda pumzi inapotoka. Mwanafiziolojia Mjerumani Carl Ludwig aliyanasa mawimbi hayo kwa chombo alichokibuni mwenyewe katika miaka ya 1840. Kwa mwenye afya, mshuko huo kwa kawaida hauzidi milimita 10 za zebaki.

Mwendo wa pumzi una uzito zaidi. Katika mishipa ya shingo na mshipa mkuu unaotoka moyoni zimo neva zinazohisi presha; ikipanda, ubongo huupunguzia moyo kasi na kuilegeza mishipa. Kupumua polepole, mara sita hivi kwa dakika badala ya 12 hadi 20, huufanya mfumo huo uitikie vyema. Kuzuia pumzi huleta kinyume: mvuvi anayezamia bila mtungi wa hewa, mapigo yake hupungua lakini mishipa ya mikono na miguu hubana, na presha hupanda. Naye aliyetembea juani hadi zahanati akapimwa akihema, kipimo chake kinaeleza dakika ile tu.

Wapo wanaosema kwamba foleni hairuhusu kumpumzisha kila mgonjwa dakika tano. Lakini dakika hizo hazidai mhudumu. Zinadai benchi, na mgonjwa hukaa pale akingoja zamu yake. Wengine huuliza: ikiwa pumzi hushusha presha, vidonge vya nini? Hapo sikubali hata kidogo. Mazoezi ya kupumua hushusha presha kwa kiasi kidogo tu, na hayachukui nafasi ya dawa. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, inayojirudia siku tofauti kwa mtu aliyetulia, ni ugonjwa hata kama hasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo kumtuliza mtu hakufichi maradhi yake. Humwepusha asiyeumwa na vidonge vya maisha, na humwondolea anayeumwa kisingizio cha kuviacha.