Hongo Haihitaji Pasipoti

Wasee, leo sina vichekesho. Kila wiki lazima mtu aniulize kwenye komenti kwa nini niliacha chuo, na kila wiki namjibu ati ni hadithi ndefu. Ukweli ni kwamba si ndefu. Ni lori moja la machungwa.

Mama yangu ni mchuuzi hapa Suna. Machungwa anayatoa Tanzania, anayapitisha Isebania, anayauza Migori mjini. Mwaka 2022, nikiwa mwaka wa pili, alikopa kwa chama chake, wakachanga lori moja na akina mama wenzake wawili. Faida ndiyo ingekuwa karo yangu.

Karatasi zote walikuwa nazo. Hata kile cheti cha kuonyesha bidhaa imetoka Afrika Mashariki, ambacho mfanyabiashara mdogo anapewa pale mpakani kama mzigo wake hauzidi dola 2,000. Ukiwa nacho, na bidhaa yako iko kwenye orodha, hulipi ushuru wa forodha. Hiyo ni haki yako, si huruma ya mtu.

Afisa mmoja akaziangalia karatasi, akazikunja, akamrudishia. "Mama, karatasi ziko sawa. Sasa chai yetu iko wapi?"

Sitasema alikuwa wa nchi gani wala idara gani. Nikisema ni Mkenya, Watanzania mtacheka. Nikisema ni Mtanzania, Wakenya mtaanza vita mtandaoni, na tutasahau kabisa machungwa ya mama. Huku tunaita hongo, chai, kitu kidogo. Ukivuka Sirari inaitwa rushwa. Majina ni tofauti, lakini mfuko unaotoboka ni ule ule.

Mama alikataa. Alilala kwenye lori siku mbili. Siku ya tatu machungwa ya chini yakaanza kutoa maji, na wenzake wakaanza kumwangalia vibaya. Akanipigia simu. "Nyathina, nitumie elfu tatu."

Nilikuwa nimebaki na pesa ya chakula ya mwezi. Nikatuma kwa namba aliyopewa. Jina lililotokea hata halikuwa la afisa. Haikuisha dakika kumi, lori likapita. Lakini sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa imeharibika, deni la chama likabaki, na muhula uliofuata sikurudi chuo.

Kwa hiyo hebu niseme: mimi huyu ninayewapigia kelele kuhusu wezi wa Nairobi nimewahi kulipa hongo. Kwa simu yangu, kwa namba yangu ya siri. Ile meseji bado ninayo.

Baadaye nilitaka kushtaki. Kenya kuna EACC, namba yao ya bure ni 1551. Tanzania kuna TAKUKURU, yao ni 113. Poa. Lakini kila namba ni ya nchi yake, na mpaka wetu si wa nchi moja. Isebania na Sirari ni kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, na kuna sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 inayoruhusu hilo. Ni jambo zuri, unasimama mara moja badala ya mbili. Ila kama wa kukuhudumia wamekaa pamoja, mbona wa kukusikiliza malalamiko wamekaa mbali hivyo?

Na si ati serikali hazijakubaliana. Desemba 2003 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusaini na kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ufisadi. Mwaka 2007, pale Kampala, taasisi za kupambana na rushwa za Afrika Mashariki ziliunda umoja wao, EAAACA, ndio wasaidiane kwenye upelelezi na kufuatilia mali ya wizi. Karatasi tunazo, kama vile mama alivyokuwa nazo.

Na ushirikiano ukifanywa kweli, unafanya kazi. Mwaka 2014 mahakama ya London iliipata na hatia Smith & Ouzman, kampuni ya kuchapisha iliyohonga maafisa wa uchaguzi na wa mitihani wa Kenya. Kwenye barua pepe zao hongo waliiita "kuku". Pesa zikarudi, zikanunua magari ya wagonjwa. Tanzania nayo, baada ya ile kashfa ya rada, mwaka 2012 ililipwa pauni milioni 29.5 na BAE Systems, zikaenda kwa vitabu na madawati. Lakini ona: mara zote mbili faili lilifunguliwa Uingereza. Sisi na Tanzania tuna lugha moja, soko moja, hadi jengo moja. Tunashindwaje kufanyiana kile London imetufanyia?

Mimi siombi mkutano mwingine hotelini. Naomba ubao mkubwa pale mpakani, kwa Kiswahili, unaoonyesha kila ada na kila kisicholipiwa. Naomba dawati moja la EACC na TAKUKURU pamoja, mtu asiulizwe kwanza kitambulisho chake ni cha wapi. Na ukitoa malalamiko, upewe namba ya kuyafuatilia kutoka upande wowote.

Nilimsomea mama haya kabla ya kuposti. Alikuwa anachambua machungwa, mabovu kando. Akaniambia, "Nyathina, ni sawa. Lakini mimi nikishtaki leo, Jumanne nitapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Uganda wana sheria ya kumlinda anayefichua maovu tangu 2010, Tanzania tangu 2015. Kwetu Kenya mswada umezungushwa Bungeni miaka na miaka. Bila hiyo, dawati langu litakaa tupu, kwa sababu afisa anamjua mama kwa sura, na mama lazima apite.

Basi mbunge wako akija kutafuta kura, usimuulize tu kuhusu barabara. Muulize swali la mama.