Zizi Ndani ya Nyumba

Wasomaji wetu, tufikapo Maretadu katika nchi ya Mbulu, tusilitafute zizi la kale nje ya nyumba. Kwa desturi ya Wairaqw, ng'ombe walilala chini ya paa moja na wenyewe.

Huko Irqwa Da'aw, nchi yao ya asili, watu walichimba ubavu wa kilima, wakasimamisha nguzo, wakalaza miti na kuifunika udongo, hata paa likawa sawasawa na ardhi. Hivyo waliwaficha ng'ombe wao wasitekwe na Wamasai katika karne ya 19. Mashambulio yalipokoma, watu wakaenea mbali, na nyumba zikainuka juu ya ardhi. Lakini mifugo ikabaki ndani. Usiku ilisalimika na fisi, ikatia joto nyumbani. Samadi yake ikapelekwa shambani.

Hatumlaumu ajengaye leo kwa matofali na mabati, akaliweka zizi mbali, maana moshi na mavi huleta maradhi. Ila kabla ya kuibomoa tembe, babu na amwonyeshe mjukuu zile nguzo na kumweleza kazi yake. Paa la udongo lisipotengenezwa, mvua hulirudisha kuwa udongo, na maarifa hupotea pamoja nalo.