Sanduku la Dereva

Mtu atokaye Baraka kwenda Lulimba kwa lori huliacha ziwa nyuma yake, hupanda milima mpaka Fizi, kisha hushuka upande wa pili kuelekea bonde la mto Kimbi. Katika ramani ya Kongo njia hiyo ni sehemu ya barabara ya taifa namba 5, ile ipitayo Uvira na kwenda kusini mpaka Kalemie. Jina ni kubwa. Walakini yeyote aliyepita huko katika miezi ya mvua anajua ya kuwa jina halimsaidii mtu ambaye magurudumu yake yamezama katika tope mpaka kwenye ekseli.

Mwaka jana nilipita huko kama abiria, nami nikalikuta karibu na Lulimba lori limelala kando ya njia siku ya tatu, limejaa magunia ya mahindi. Mbele yake liliandikwa maneno mazuri kwa rangi nyekundu, na taa zake zilikuwa zimepambwa kama za arusi. Kijana msaidizi alitujia mbio akiomba jeki, ambayo huku wengi huiita kriki. Yao ilikuwako, lakini ilikuwa imezama topeni kwa sababu hawakuwa na ubao wa kuitandikia chini. Nikamwuliza, "Mwanangu, sanduku lenu la vyombo lina nini?" Akacheka kwa haya, akanionyesha spana mbili na kipande cha waya.

Sikumcheka. Mimi pia nilikuwa msaidizi wa lori nilipokuwa na miaka kumi na saba, na dereva wangu alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Mjomba alikuwa na sanduku la chuma chini ya kiti, na kabla ya kila safari alinitaka nilifungue na kumtajia kila kitu kilichomo, kama mwanafunzi anayesoma orodha ya kuzidisha. Spana za kila kipimo, bisibisi, nyundo, koleo, msumeno wa chuma, fyuzi, balbu za taa, mkanda wa feni wa akiba, viraka na gundi, vipande virefu vya mpira wa ndani vya kufungia, na mche mmoja wa sabuni. Nilidhani sabuni ni ya kunawia. Kumbe tangi la mazutu likitobolewa na jiwe, sabuni iliyokandwa vizuri hushindiliwa katika tundu, nayo huziba, maana mazutu haiyeyushi sabuni kama maji yanavyofanya. Tulifika Fizi siku moja kwa sabuni ile.

Nje ya sanduku kulikuwa na majembe mawili, sepeto, panga, shoka, mnyororo mnene, kamba ya chuma, mbao mbili ndefu, madebe ya maji na tairi mbili za akiba. Mnyororo haukuwa wa kuvutia tu. Malori ya zamani yalikuwa na magurudumu yenye pete ya chuma inayoshika tairi, na pete hiyo ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huweza kuruka kwa nguvu na kumwua mtu. Kwa hiyo mjomba alizungusha mnyororo juu ya gurudumu kwanza, akasimama pembeni, ndipo alipofungulia upepo. Kadhalika hakumruhusu mtu kuingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Sharti gogo au tairi la akiba liwekwe chini ya fremu. Na kokwa za gurudumu alizilegeza kabla ya kuinua, akazikaza tena baada ya mwendo mfupi. Mambo haya niliyaona kuwa ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na miwili!

Lakini chombo alichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa kabari. Ilikuwa ya mti mgumu, imechongwa pembe tatu, imefungwa ukanda wa chuma mwishoni, na ina mpini mrefu. Lori zito likipanda mlima na injini ikizimika, msaidizi huruka chini na kusukuma kabari nyuma ya gurudumu. Mpini ni wa kuiweka mikono yake mbali. Wako wasaidizi wengi barabarani wenye vidole vitatu au viwili, nao wanaweza kukueleza faida ya mpini kuliko mimi.

Basi usiku mmoja tulilala njiani, upande huu wa Lulimba, mvua ikinyesha tangu adhuhuri. Kuni zote zilikuwa majimaji. Mjomba alikuwa amelala chini ya turubai kwa homa, nami nilitaka kumpikia uji. Nikaitazama kabari, kavu kabisa, chini ya kiti. Nikajiambia kwamba kesho nitachonga nyingine. Nikaipasua kwa shoka, moto ukawaka vizuri sana, na mjomba akanywa uji akanishukuru.

Kesho yake sikuchonga. Jua lilitoka, abiria wakapanda juu ya magunia, nami nikasahau, au tuseme nilijisahaulisha. Katika mlima wa pili injini ikazimika. Mjomba akaita, "Kabari!" Nikaruka. Nikashika jiwe la kwanza nililoliona, nalo lilikuwa la mviringo. Gurudumu likalisukuma kando kama embe. Breki hazikuweza kuushika mzigo ule. Mjomba akalielekeza lori kwenye ukingo wa mlima badala ya upande wa bonde, likajigonga na kulala. Abiria waliruka. Mmoja wao, mchuuzi wa ndagala, mama mwenye watoto, aliangukiwa na magunia akavunjika mguu mahali pawili. Tulimchukua kwa machela ya miti mpaka tulipopata motokaa nyingine. Alipona, lakini tangu siku ile anatembea kwa fimbo. Mjomba alimsaidia karo ya watoto wake miaka miwili.

Aliponiuliza kabari iko wapi, nilisema imeanguka njiani.

Nimeandika habari ya kabari kwa kirefu, walakini kuna vyombo viwili ambavyo hata mjomba hakuwa navyo, na leo havifai kukosekana. Cha kwanza ni kizimamoto. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kaskazini ya Uvira, lori la petroli lilipinduka katikati ya makazi ya watu. Wengi walikuja na ndoo na mabakuli kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Sisemi kwamba kizimamoto kidogo cha dereva kingezima moto ule. Bali dereva wa petroli awe na kamba ya kuzungushia mahali, na sauti ya kufukuza watu, kabla hajaulizia mali ya tajiri wake. Mwaka 2019 msiba wa namna hiyohiyo ukatokea Morogoro, Tanganyika ya zamani, mwezi wa Agosti.

Cha pili ni pembetatu nyekundu za kung'aa, za kuweka mbele na nyuma ya gari lililoharibika. Kwetu tunaweka matawi ya miti, na si vibaya mchana. Usiku tawi halionekani. Na mawe tunayoyaweka nyuma ya magurudumu, nani huyaondoa gari likipona? Dereva hufurahi, huwasha injini, huenda zake, na mawe hukaa katikati ya njia yakimngoja mwenye pikipiki. Jambo hili hunikasirisha kila mara.

Tulimsaidia yule kijana wa Lulimba. Tuliingiza ubao chini ya jeki, tukatandika matawi na mbao mbele ya magurudumu, na jioni lori likatoka. Kisha nikaomba shoka, nikamchongea kabari ya mti wa huko, haikuwa nzuri sana.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa mjomba, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, nikamweleza habari za safari. Halafu nikamwambia na ile nyingine, ya uji. Alinyamaza kidogo.

"Niliona ule ukanda wa chuma katika majivu," akasema, "asubuhi ile ile, wakati ukifunga turubai. Nikadhani utachonga nyingine. Nami nikawasha gari bila kuuliza."

Kisha akaniuliza kama ile niliyomchongea kijana niliitia mpini mrefu.