Je, Hisabati Ina Wenyewe?

Yapo masomo ambayo mwanafunzi akishindwa huambiwa hakusoma. Akishindwa na hisabati huambiwa hakuzaliwa nayo. Kauli hii imeenea Nyeri, kuanzia Othaya hadi Karatina, na aghalabu hutamkwa kwa huruma: mzazi humwambia bintiye kwamba hesabu hazikuwahi kuingia katika ukoo wao. Ni faraja, lakini pia ni hukumu.

Si haki kudai kwamba watu wote huzaliwa sawa. Wapo watoto wanaoiona njia ya swali kabla mwalimu hajaweka chaki chini, na tafiti kuhusu pacha zimeonyesha kwamba urithi una nafasi yake. Hata hivyo, takwimu hizo hueleza tofauti baina ya watu wengi. Hazimwekei mtoto mmoja kikomo.

Kinachosahaulika ni umbo la somo lenyewe. Msomaji aliyekosa riwaya moja anaweza kuifurahia nyingine. Hisabati haina ukarimu huo. Mathalani, mtoto wa mkulima wa kahawa huko Tetu akikosa wiki tatu za Gredi ya 5 wakati wa kuchuma, na sehemu zikafundishwa bila yeye, aljebra itamkuta baadaye hana ngazi ya kupandia. Kufikia Gredi ya 8 ataitwa mzito wa kichwa. Hakuna atakayezikumbuka zile wiki tatu, hata yeye mwenyewe.

Sokoni Karatina, mchuuzi anayenunua viazi kwa gunia na kuviuza kwa ndoo hugawanya bei, hutoa nauli na hasara ya vilivyooza, akaijua faida yake bila karatasi. Naam, hiyo si aljebra. Alama dhahania hazijileti zenyewe, hufundishwa. Kenya ilikiri hivyo mwaka 1998 ilipoanzisha pamoja na Japani mradi wa SMASSE, uliowanoa walimu wa hisabati na sayansi badala ya kuvipima vichwa vya wanafunzi. (Wanaosema kwamba wanafunzi wa Kiswahili ni wakimbizi wa hesabu hawajawahi kuhesabu mizani za shairi.)

Imani yenyewe ina gharama. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2015 ulionyesha kwamba, nchini Marekani, taaluma ambazo wasomi wake husadiki kipaji cha kuzaliwa ndizo zenye wanawake wachache zaidi. Nchini Kenya, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza sekondari pevu Januari 2026. Hisabati imebaki ya lazima, ila kwa ngazi mbili: ya kina kwa mkondo wa sayansi na teknolojia, nyepesi kwa mikondo mingine. Uchaguzi huo hufanywa kwenye umri wa miaka kumi na mitano hivi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati mwaka 2012, kipo papo hapo Nyeri, na mlango wake wa uhandisi haufunguki kwa hisabati nyepesi.