Ridhaa ya Asiyesema

Katika lugha yetu mbwa ni tusi. Katika nyumba zetu mbwa ni mlinzi. Mtu yule yule amwitaye adui yake mbwa hulala usiku bila hofu kwa sababu mbwa yu macho. Basi usishangae, msomaji, nikikuomba ufikiri pamoja nami juu ya maradhi ya mnyama huyu.

Hapa Nyacheki, katika nchi ya Wakisii, mbwa hulinda boma, ng'ombe na mahindi, na thamani yake hupimwa kwa miguu yake na sauti yake. Nilikuwa na mbwa mkubwa aliyeanza kuchechemea. Tulidhani ameteguka, lakini uvimbe ulitokea karibu na bega, ukawa mgumu kama jiwe. Daktari wa mifugo alisema yaelekea ni saratani ya mfupa. Majirani walinishauri nimwondoe, wala shauri lao halikuwa la ukatili: mtu anayehangaika kulipa karo ya mtoto atamlipiaje mbwa upasuaji? Nilimwomba daktari amlaze usingizi wa mwisho, akafa bila maumivu.

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya saratani hiyo, iitwayo osteosakoma. Huwapata zaidi mbwa wenye maumbo makubwa, na huwapata binadamu pia, hasa vijana wa umri wako, wakati mifupa inaporefuka upesi. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu kwa ugonjwa huo mwaka 1977, akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti. Mwaka uliofuata alifariki, saratani ikiwa imekwisha kuhamia mapafuni.

Saratani ya mbwa na ya kijana hufanana sana, lakini ya mbwa huenda mbio zaidi, na kwa hiyo faida ya dawa huonekana mapema. Ndiyo sababu huko Marekani wenye mbwa wagonjwa hualikwa kuwaandikisha katika majaribio ya tiba. Mbwa hao hawapandikizwi ugonjwa, wanao tayari. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza habari za mbwa waliokatwa mguu kisha wakapewa dawa mpya: nusu yao waliishi zaidi ya siku 222, hali nusu ya wale wasioipata walikufa kabla ya siku 77 kupita. Dawa hiyo, mifamutaidi, iliruhusiwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2009 kwa watoto na vijana.

Faida hiyo ni kubwa. Lakini nani alimwuliza mbwa? Mwenyewe hutia sahihi. Mbwa huvumilia sindano. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ukiniuliza kama ningemwandikisha mbwa wangu, nitajibu ndiyo, kwa masharti matatu. Kwanza, maumivu yake yatulizwe kabla ya elimu ya watafiti kutafutwa. Pili, nielezwe wazi kwamba huenda akawekwa katika kundi lisilopata dawa mpya. Tatu, niwe huru kumtoa siku yoyote. Pasipo hayo ningekataa, hata kama matibabu yangetolewa bure. Maana neno bure ni chambo kikali kwa maskini, na anayelimeza si yeye atakayechomwa.

Huenda wewe usomaye leo ukawa tabibu kesho, ukamwekea mzazi karatasi mbele yake, na mtoto wake amelala kitandani. Msomee karatasi hiyo yote, kwa lugha aielewayo, kisha mpe nafasi ya kusema hapana. Ridhaa isiyoweza kukataa si ridhaa.